Kikombe Kimoja na Nusu

14 Januari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Mdogo. Sisi huku hatujambo. Baba bado anashona, na bado anapoteza sindano kisha anazipata kwa kuzikalia. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Bado naitwa Kamusi, hata na watu ambao hawajawahi kufungua kamusi.

Samahani kwa kukuandikia ghafla. Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Ya kwanza ilikuwa na kurasa sita na haikufika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo sasa nitalisema moja kwa moja.

Zahanati imerudisha kreti nzima ya sabuni za Mama. Muuguzi Mkuu alikuja mwenyewe. Alisema inakwaruza, na kwamba hawezi kuwaogeshea watoto wachanga kitu kinachowafanya wakunje uso. Amempa Mama mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo watachukua sabuni kwingine. Mama akamjibu kwamba watoto wachanga hukunja uso kwa kila kitu. Lakini alipofunga mlango alikaa juu ya ile kreti muda mrefu. Viganja vyake vinachubuka, Mama Mdogo. Anasema ni vumbi. Mimi ninaishi katika vumbi hilo hilo na viganja vyangu ni vizima.

Nadhani ni kostiki. Unajua ilivyo, yale magamba meupe ndiyo yanayoyageuza mafuta kuwa sabuni, lakini yakizidi yanachoma ngozi. Tangu kikombe cha Bibi kipotee, kile kifupi cha bati, cha bluu, chenye pengo ukingoni, Mama anapima kostiki kwa jicho. Nilimwomba atumie mizani. Akasema mizani ni ya watu wasioamini mikono yao.

Najua wewe na Mama hamjasemezana tangu mwaka ule Bibi alipofariki. Sijui kwa nini. Nikimuuliza, anasema "kikombe," halafu anaenda kufua. Nakuomba tu, kama unakumbuka vipimo vya Bibi, uniandikie. Tumia anwani ya shule. Mwalimu wa kemia atanipa barua bila kuuliza, yeye huwa haulizi kitu kisicho na namba ndani yake.

Mama hajui kama nimekuandikia. Leo ni Ijumaa, nitaiposti Jumatatu.

Ni mimi mwanao,
Kamusi


9 Februari

Kamusi wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba, marahaba. Moja kwa kila mwaka niliokukosa.

Hapa tupo. Baba Mdogo wako ametengeneza redio ya jirani wiki hii, na alipomaliza zikabaki skrubu tatu mezani. Redio inaimba vizuri kuliko mwanzo. Tumekubaliana kutozitaja skrubu. Kuku wangu mweupe anatagia ndani ya televisheni mbovu ya mteja, na mteja akija kuiulizia tunamwambia bado inaangaliwa.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena. Mwandiko wako ni wa Bibi mtupu, hasa zile herufi zinazoegemea nyuma kama zinaogopa kufika mwisho wa mstari.

Haya, sabuni. Chukua mafuta ya mawese kilo mbili na ya nazi kilo moja. Kostiki ni kikombe kimoja na nusu, kilichosawazishwa juu kwa mgongo wa kisu. Maji ya kutosha. Kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kidogo kidogo, ukiwa umevaa glavu na miwani ya kinga, dirisha wazi. Usije ukamwaga maji juu ya kostiki. Mgeni ndiye anayeingia nyumbani, nyumba haimfuati mgeni barabarani, na ikimfuata atairukia usoni. Tena usitumie sufuria ya alumini, itatobolewa. Changanya na mafuta, pika kwa moto mdogo mpaka rojo lianze kung'aa, mimina kwenye kasha, acha wiki moja, kata vipande.

Sabuni yangu huku inasifiwa kwa ulaini. Mteja mmoja amesema inaisha kabla hajafika mgongoni. Naichukulia kama sifa.

Kuhusu mama yako na mimi, wewe soma kwanza, haya ni mambo ya watu wazima. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana.

Usimwambie nimekupa vipimo. Atasema nimekosea, hata nikipatia.

Mama yako mdogo


25 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za kuku na televisheni. Huku Baba amemshonea mwalimu mkuu suruali ambayo mguu mmoja ni mrefu. Mwalimu mkuu hajagundua. Sisi wanafunzi tunamwona akitembea na tunatazama chini.

Barua yako nimeiweka mfukoni mwa sketi yangu ya shule, mahali salama kabisa, na natembea nayo kila siku.

Sasa naomba nikuripotie ajali, lakini hakuna aliyeumia. Mwalimu aliniruhusu kupika maabara siku ya Jumamosi. Alikaa pembeni akisahihisha madaftari, mimi nikafuata maelezo yako neno kwa neno. Kostiki nilipima kwa kikombe cha chai cha nyumbani, kimoja na nusu, nikasawazisha kwa mgongo wa kisu. Maji niliweka mpaka yalipoonekana kutosha. Rojo liliganda haraka kama limeitwa. Baada ya wiki nilipokata, vipande vilivunjika kama chaki. Mwalimu akaniambia nigusishe ncha ya ulimi. Mama Mdogo, ilikuwa kama kulamba betri ya redio.

"Ulipima kwa nini?" mwalimu akaniuliza.

"Kwa kikombe," nikasema.

"Kikombe gani?"

"Kikombe."

Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, kama vile jibu langu lilikuwa uchafu kwenye kioo. Kisha akanipa jedwali. Kumbe kila mafuta yana namba yake. Gramu moja ya mawese inahitaji kostiki gramu 0.141, na gramu moja ya nazi inahitaji 0.183. Kwa hiyo mawese gramu 2,000 yanataka 282, nazi gramu 1,000 inataka 183, jumla 465. Unapunguza tano kwa mia ili mafuta kidogo yabaki ya kuitunza ngozi. Inakuwa gramu 442. Maji ni mara mbili ya hapo, yaani gramu 884.

Nikapima kikombe changu cha chai. Kinachukua kostiki gramu 392. Kimoja na nusu ni 588. Nilizidisha gramu 146. Ningempelekea Muuguzi Mkuu ile sabuni, angeita polisi.

Lakini kuna jambo. Kama vipimo vya Bibi ni sahihi, na naamini ni sahihi, basi kikombe chake kilichukua gramu 295. Cha chai kinajaa mililita 400 za maji, kwa hiyo cha Bibi kilikuwa cha mililita 301 hivi. Swali langu kwako ni dogo tu. Wewe unapimia kikombe gani?

Swali la pili ni la maji. Huku Mama hana shida na maji, anatumia kata ya Bibi, ile ya kifuu yenye mpini mrefu. Kata mbili kamili. Inaning'inia kwenye msumari jikoni na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Wewe "ya kutosha" ni kiasi gani?

Jana mezani Mama alisema ghafla, "Kuna watu wazima duniani wanapima maji kwa 'ya kutosha.'" Baba akauliza watu gani. Mama akasema watu. Nilishangaa jinsi mawazo ya ndugu yanavyoweza kukutana mkiwa mbali hivyo.

Kamusi


3 Aprili

Kamusi wangu,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa. Mvua ilinyesha. Ilipoacha, Baba Mdogo wako aliumwa jino. Jino lilipong'olewa, kuku akaangua. Vifaranga saba, wote ndani ya televisheni. Mteja alikuja, akachungulia kwenye kioo, akasema hajawahi kuona picha safi namna ile.

Halafu mvua ikanyesha tena.

Nimekusikia kuhusu ajali. Pole na ulimi. Nimezisoma hesabu zako zote na sikuelewa hata moja, lakini zimekaa vizuri kwenye karatasi. Bibi yako hakujua hizo sifuri nukta, ila angekupenda kwa kutoamini kitu mpaka ukipime. Alikuwa anaigusa sabuni kwa ulimi, kisha anatutazama sisi wawili kama tumemwibia kitu.

Maji naweka vikombe vitano. Ukiniuliza kwa nini vitano, nitakwambia kwa sababu vinne vilionekana vichache.

Nimeona umeuliza kuhusu kikombe. Kikombe ni kikombe. Kina mdomo, kina kitako, na mkono pembeni. Tuendelee.

Hiyo kata iliyo kwenye msumari, ni ile ile? Mpini wake bado una ufa karibu na kifuu? Nauliza tu. Mimi asubuhi ile ya mwisho niliitafuta kata jikoni kote, nikaambiwa nayo imepotea. Niliambiwa na mtu ambaye sasa nasikia anayo msumarini.

Jambo jingine dogo. Barua zako zinanifikia zimenyooka sana. Mikunjo yake inakata kama wembe. Wewe ndiye unayezipiga pasi?

Mama yako mdogo

Nisamehe kwa hilo duara la mafuta pembeni. Nilikuwa napima huku naandika.


11 Aprili

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa vifaranga. Baba Mdogo mpe pole ya jino.

Hapana, mimi sipigi barua pasi. Nadhani ni uzito wa vitabu mkobani.

Naandika kwa heshima zote. Duara lako la mafuta nimelipima kwa rula. Lina upana wa sentimita nane. Jikoni kwetu, kwenye rafu ya juu, kuna alama ya kutu ya duara, mahali kikombe cha Bibi kilipokaa miaka yote. Mama hukwepa kuifuta. Nilipanda kwenye stuli, nikaweka barua yako juu yake. Duara likaketi juu ya duara. Hata pale alama ya kutu ilipobonyea kidogo upande mmoja, na la kwako limebonyea.

Sikutaka kumhukumu mtu kwa duara tu. Nikamuuliza Baba, kama mtu anayepitisha muda, kikombe cha Bibi kilikuwa na kimo gani. Akanionyesha kwa vidole viwili, huku akishona kwa mkono mwingine. Nikamwambia asitikisike, nikachukua rula. Sentimita sita. Sasa, nusu ya upana ni nne, nne mara nne ni kumi na sita, mara sita, mara 3.14. Inakuja mililita 301.

Mama Mdogo, unacho.

Sijamwambia Mama, na sitamwambia. Wala sisemi uliiba, kamusi ina maneno mengi kwa tendo hilo na sijachagua. Nataka tu useme unacho, kwa sababu nimeona jambo ambalo ninyi wawili hamjaliona. Wewe una kikombe, kwa hiyo kostiki yako ni sahihi, lakini maji unabahatisha. Vikombe vyako vitano ni kama mililita 1,500, karibu mara mbili ya yanayotakiwa, na ndiyo maana sabuni yako haifiki mgongoni kwa mteja. Mama ana kata, kwa hiyo maji yake ni sahihi, lakini kostiki anabahatisha. Nilipima anachomwaga kwa jicho, bila yeye kujua. Ni gramu 530. Kila mmoja wenu ana nusu ya Bibi.

Nimemwandikia Mama namba kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Gramu 442. Ameitumia karatasi kuwashia jiko. Anasema hapikii namba, anapika alichofundishwa. Mwezi wa Mei unakuja na viganja vyake vimeanza kutoa damu akikamua nguo. Naomba utume kikombe. Kitu kilichoshikwa na Bibi hawezi kukiwashia jiko.

Jana tulikuwa tunakula, Mama akasema, "Mpini hauna ufa. Nilishautengeneza." Baba akamtazama, kisha akanitazama mimi. Sijui alikuwa anasema nini. Nadhani amechoka.

Kamusi


27 Aprili

Kamusi wangu, msomi wangu, macho manne usiyeona,

Marahaba. Vifaranga wamebaki sita. Wa saba amechukuliwa na mteja pamoja na televisheni. Hajalalamika.

Ninacho. Haya, nimesema. Kipo hapa mezani kinanitazama.

Asubuhi ile baada ya maziko kila mtu alikuwa anakunja mashuka na kugawana nguo. Mimi nilitaka kitu kimoja tu ambacho mkono wake ulikuwa umekizoea. Nikakiweka kwenye mfuko wangu, chini ya viatu. Nilikusudia kusema. Kisha mama yako akaanza kuuliza kikombe kiko wapi kwa ile sauti yake ya kuhesabu watu, na kila alipouliza ikawa vigumu zaidi. Nikauliza na mimi, kata iko wapi. Akasema imepotea. Tukatazamana. Tulijua wote wawili, Kamusi, kwamba kila mmoja anadanganya. Ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kisha basi langu la kurudi likaja.

Sasa nikufundishe jambo ambalo halimo kwenye jedwali la mwalimu wako. Nani anafua sketi yako ya shule? Nani, tangu tukiwa watoto, hawezi kufua nguo bila kugeuza mfuko nje? Na ni nani katika ukoo mzima anayepiga pasi kila kilicholowa mkononi mwake, mpaka magazeti?

Mama yako anasoma barua zetu. Zako anazisoma Jumamosi kabla hujaziposti, zangu anazisoma zikikaa mfukoni. Nilijua tangu ya pili. Wewe unadhani unaniandikia mimi, mwanangu. Umekuwa posta.

Kama huniamini, tumtegee. Hapa chini naandika uongo mmoja; hata akisoma kwamba ni mtego, hataweza kuuacha upite. Iweke barua hii mfukoni kama kawaida, vaa uso wako wa kusoma, usubiri chakula cha jioni.

Uongo wenyewe: Siku ile lile sufuria kubwa la Bibi lilipoungua na sabuni ndani, mama yako ndiye aliyeliunguza, akanisingizia mimi.

Mama yako mdogo


10 Mei

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Baba hajambo, na ameomba nikutumie salamu zake za pekee. Utaelewa ukisoma.

Barua yako niliiacha mfukoni siku ya Jumamosi. Jioni tulikaa mezani. Niliangalia sahani yangu. Mama alipakua, akakaa, akala matonge mawili, akaweka kijiko chini.

"Lile sufuria sikuliunguza mimi," akasema.

Baba akainua uso kutoka kwenye sahani.

"Nilikuwa nimetumwa dukani. Nani angeliunguza akiwa dukani? Aliyebaki na moto ni yeye. Alikuwa anacheza bao na mtoto wa jirani."

Baba akauliza taratibu, "Sufuria lipi, mke wangu?"

Hapo Mama akaacha kutafuna. Akanitazama. Mimi nilijitahidi kuvaa uso wa kusoma, lakini sikuwa na kitabu. Akaelewa. Niliona akielewa, ilianzia kwenye shingo ikapanda. Baba akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, mpaka akalazimika kutoka nje, na tukamsikia huko akitafuta ukuta wa kushikilia.

"Umenitega," Mama akasema.

"Ni Mama Mdogo," nikasema. Samahani. Nilikuwa nimebanwa.

"Bila shaka ni yeye. Tangu utoto." Kisha akageuza viganja juu ya meza, akavitazama kama vya mtu mwingine. "Vibaya sana, eti?"

Nikasema ndiyo. Ni mara ya kwanza ameniuliza.

"Ile kata niliificha ndani ya gunia la mkaa," akasema. "Nilijua atachukua kitu. Nikasema, asichukue vyote." Halafu akasema, "Nilidhani ataandika baada ya wiki moja. Mwezi, basi."

Nikamwambia umeandika. Akasema, "Kwako." Nikamwambia, Mama, kwako pia, ulizipiga pasi. Safari hii hakuenda kufua.

Leo asubuhi ameniita jikoni nimwandikie. Ananisimamia sasa hivi, kwa hiyo haya ni maneno yake. Mwambie alete kikombe kwa mkono wake, nisikione kwenye posta. Mwambie kata haitoki kwenye nyumba hii. Mwambie bado nasema alikuwa anacheza bao.

Muuguzi Mkuu atakuja tarehe 31. Sabuni inataka wiki moja ya kukauka. Hesabu hiyo naamini huhitaji jedwali.

Kamusi


16 Mei

Kamusi,

Nakuja Jumamosi. Kikombe nimekifunga ndani ya soksi mbili za Baba Mdogo wako, safi.

Mwambie mama yako bao nilicheza, ndiyo. Na nilishinda.

Mama yako mdogo


4 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nyumba imepoa tangu uondoke. Baba anasema sasa anasikia cherehani yake mwenyewe.

Nakuandikia kwanza habari ya Muuguzi Mkuu, kwa sababu uliondoka kabla. Alikuja tarehe 31 na uso wa kukataa. Mama akampa kipande. Akakinusa, akanawa mikono karaini, akanawa tena. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea, akagusisha ulimi. Akamtazama Mama. "Hii ndiyo ya yule mama mzee," akasema. Amechukua makreti mawili. Mama alimsindikiza hadi barabarani, na kwa mara ya kwanza hakumfungia mlango akiwa bado anaongea.

Naomba na mimi nikiri jambo. Siku ile mlipokuwa mnapima, wewe ukimimina kostiki na Mama akishika kisu, na mnagombana kama mgongo wa kisu ni upande huu au ule, mliniambia nilete maji. Nilileta. Lakini chini ya beseni la plastiki mlilokuwa mnamiminia, chini ya kile kitambaa, kulikuwa na mizani ya maabara. Mwalimu aliniazima. Kikombe kimoja na nusu kilisoma gramu 440. Kata mbili zilisoma 886. Jedwali lilisema 442 na 884. Nilisimama pale nikizisoma namba hizo mara mbili. Bibi hakuwahi kubahatisha. Sijui ni sabuni ngapi alizoharibu mpaka akapata kikombe kile na kata ile, lakini alipovipata hakuvibadilisha maisha yake yote.

Siku ya kukata niliwatazama mkigusisha ulimi, mmoja huku, mwingine kule kwa kipande hicho hicho, mkisubiri nani atasema kwanza. Mama akapangusa shavu kwa kiwiko, wewe ukasema ni mvuke, ingawa jiko lilikuwa baridi. Kiganja chake cha kulia kimefunga kabisa. Cha kushoto kimebaki mstari mmoja.

Sasa jambo lenyewe. Kikombe kiko kwenye rafu, juu ya alama yake. Asante kwa kukiacha. Lakini ulipoondoka niliingia jikoni nikakuta msumari mtupu. Kata haipo. Nimetafuta hata kwenye gunia la mkaa. Nikaenda kumwambia Mama kwa woga, maana nilifikiri miaka mingine minne inaanza. Alikuwa anapiga pasi. Akasema, "Imepotea," akaendelea.

Mama Mdogo, nakuuliza kwa heshima. Umeichukua?

Kamusi


15 Juni

Kamusi wangu,

Marahaba. Mvua imeacha, Baba Mdogo wako ana meno yote yaliyobaki, kuku ameanza kutagia ndani ya redio.

Naapa sikuigusa. Niliiangalia sana, sikatai. Hata mama yako aliniona nikiiangalia. Lakini nilipofika nyumbani na kufungua mfuko, chini kabisa, chini ya viatu, kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa gazeti. Kifuu, na mpini usio na ufa.

Wiki hii nimeweka kostiki gramu zako 442, na maji kata mbili. Sabuni imeshika mpaka kisu kimegoma.

Gazeti nimelitunza. Halina mkunjo hata mmoja, Kamusi. Limepigwa pasi pande zote mbili.

Mama yako mdogo